Kitambaa cha Ijumaa

Soko zima la Battambang lilikuwa limeshanitenganisha na Visal kabla mimi mwenyewe sijaamua. Kufikia Jumanne wauza mboga walikuwa wananipa pole. Kufikia Alhamisi, Bibi Thoeun, ambaye banda lake la kahawa linatazamana na meza yetu, alikuwa ameshanipangia mtu mwingine: mpwa wake mwenye kiwanda cha barafu, mwanamume mtulivu, hanywi, ana pikipiki mbili.

"Na barafu haiozi, Molika," alinimalizia, kana kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilihofia.

Nikamwambia barafu inayeyuka. Akasema mpwa wake atatengeneza nyingine.

Nilicheka, kwa sababu sokoni kwetu ukinuna siku mbili watu wanakuanzishia matanga. Lakini macho yangu hayakucheka. Mpwa wa barafu alikuwa anasifiwa huku Visal mwenyewe amekaa palepale, hatua kumi kutoka kwangu, kwenye kigoda cha plastiki cha Bibi Thoeun, na fulana yake nyeusi na glasi ya kahawa iliyokwisha kupoteza ladha. Alikuwa hajarudi Phnom Penh. Alipanga chumba karibu na mto, na kila asubuhi alikuja, akaketi, akatazama upande wetu, akachorachora kwenye kidaftari, na saa nne akaondoka. Hanisemeshi, simsemeshi. Bibi Thoeun alisema hajawahi kuona mtu anakunywa kahawa moja kwa huzuni kiasi hicho.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana kila mtu sokoni ana yake anayoisimulia na zote zimetiwa chumvi.

Mama yangu, Saroeun, anatengeneza michuzi ya kupikia, aina tano. Jumapili anapika ya pilipili kali. Jumatatu anatwanga mchaichai na manjano. Jumanne ni ukwaju, Alhamisi pilipili manga na ndimu, na Ijumaa prahok, samaki wetu wa kuchachusha, aliyekaangwa na tui mpaka jirani wa tatu ameze mate. Jumatano na Jumamosi hapiki. Miaka yote aliijaza kwenye chupa kuukuu za soda na za bia, akafunika kifuniko kwa kipande cha kitambaa, akakifunga fundo. Basi. Hakuna mpishi wa Battambang asiyeijua chupa ya Saroeun.

Mwaka jana mwenye duka moja kubwa la Phnom Penh akaionja michuzi ile kwenye harusi, akasema ataichukua yote mitano na anaitaka rafuni kabla ya Mwaka Mpya, ila chupa zipatiwe sura. Mimi ndiye niliyetumwa mjini kutafuta wa kuzipa sura. Nikamkuta Visal kwenye ofisi ya juu ya kiwanda cha uchapaji, amelalia meza kifudifudi, anapima lebo ya chupa ya maji kwa rula kama daktari anayepima mtoto. Hakuniuliza nataka nini. Aliniuliza mchuzi una ladha gani. Nikamwambia aonje. Akala kijiko kizima cha pilipili, machozi yakamtoka, pua ikamtoka, akapangusa uso, akaniambia kwa sauti ya mtu anayekabwa: "Wa pili uko wapi?"

Mimi nilikwisha hapo. Siwezi kudanganya.

Alikuwa anakuja kila baada ya wiki mbili na sampuli zake. Mara ya tatu tukaanza kuitana bong na oun, mkubwa na mdogo, kama wapendanao wote wa kwetu, na Mama akajifanya hasikii. Akamwekea ukoko wa sufuria, ambao hata mimi siwekewi. Ikakubaliwa kwamba Mwaka Mpya ukipita, wazee wake watakuja na mshenga.

Kisha lebo zikafika. Zilikuwa nzuri, nani atabisha? Karatasi laini iliyozunguka chupa nzima, kitambaa cha juu kimefunikwa, jina la Mama limeandikwa kwa herufi za dhahabu, kubwa. Mchaichai aliuvisha kijani cha majani yake. Ukwaju akauvisha rangi ya chungwa. Pilipili manga akaivisha nyeupe yenye mistari myeusi, mtindo wa mjini, mpaka Bibi Thoeun akaiinua, akaigeuza, akauliza nani amefariki. Mama alizitazama chupa zake muda mrefu. Akasema kwa upole, "Zimekosea siku."

Visal alicheka kidogo, akadhani ni mzaha. Nami nilinyamaza. Ndilo kosa langu, nalibeba.

Maana kuna jambo ambalo ni mimi tu nililijua duniani. Mama hasomi. Utoto wake haukumpa darasa. Tangu nikiwa na miaka saba amekuwa akiniambia nimsomee karatasi hii na ile kwa sababu macho yake yamechoka. Macho hayo hayo hutunga uzi kwenye sindano bila kuhitaji mwanga wa dirisha. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa, na sikumwambia kuwa nimeelewa.

Wiki moja baada ya lebo, mpishi wa harusi alikuja mbio akataka chupa kumi na mbili za mchaichai kwa amok ya meza thelathini, samaki wa tui ndani ya jani la mgomba. Mama akampa kumi na mbili za rangi ya chungwa. Karatasi ilifunika chupa yote, ndani huoni kitu, na mpishi hasomi chupa ya Saroeun, anauamini mkono wake. Wasaidizi wakamimina. Wageni wa meza thelathini wakala amok iliyochachuka kwa ukwaju, na bwana harusi, nilisikia, alitema pembeni akidhani hakuna anayemwona.

Kesho yake mpishi akaja sokoni kulia shida yake mbele ya watu, na Visal alikuwepo. Alitaka kusaidia. Naapa alitaka kumtetea Mama. Akaichukua chupa, akaigeuza, akaonyesha herufi za dhahabu kwa kidole.

"Lakini jina limeandikwa, Shangazi," akasema. "Limeandikwa kubwa, hapa."

Nilimwona Mama akitazama pale palipoonyeshwa. Alitazama kama mtu anayetazama ukuta. Kisha akaifungua krama yake, kile kitambaa cha miraba, kiunoni, akapangusa meza iliyokuwa safi, akasema, "Ondoa karatasi zako, kijana." Na nyumbani akaniambia kwamba wazee wa Visal wasijisumbue na safari.

Visal aliniuliza zaidi ya mara moja amekosa nini. Kila mara nilifungua mdomo na kila mara niliufunga. Nikimwambia, namvua Mama nguo. Nisipomwambia, nampoteza. Siku ya mwisho aliniambia, taratibu, bila hasira, "Oun, kama hunitaki, sema hunitaki. Usinitazame kama mtu aliyefungiwa mlango na ufunguo anao mwenyewe." Nikamjibu, "Rudi kwenu, Bwana Visal." Bwana. Neno hilo liliniuma ulimi siku nzima.

Akatoka. Hakurudi kwao. Akaenda kukaa kwa Bibi Thoeun.

Siku tisa alikaa pale. Ya kumi ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa nyumba yetu hujaa. Kazi ya prahok haifanywi na mtu mmoja, kwa hiyo majirani huja kukatakata na kutwanga, na hapo chini ya nyumba yetu ya nguzo panakuwa na wanawake sita, vinu viwili, watoto, kuku, na habari za mji mzima. Bibi Thoeun alikuwa amefunga banda mapema akaja kurudisha sufuria. Sufuria hiyo aliiazima mwaka juzi. Nikajua kuna jambo.

Nilikuwa nimechutama kwenye kinu nilipomwona Visal akiingia getini na sanduku la karatasi kifuani. Nikaacha kutwanga. Wote wakaacha.

Hakuvaa nyeusi. Alivaa shati la buluu, jipya, lenye mikunjo minne ya dukani bado, limembana mabega. Sijui kwa nini shati lile lilinigonga moyo kabla sijaelewa. Nikamtazama Mama kwenye jiko, saruni yake ya Ijumaa imechakaa upindo, buluu. Nikamtazama tena Visal. Kwetu kila siku ya wiki ina rangi yake, Ijumaa ni buluu, na kila mtoto anazijua, lakini vijana wa Phnom Penh wamezisahau, kwao kila siku ni nyeusi.

Alivua viatu. Akakunja viganja, akaviinua mpaka puani, akainama mbele ya Mama. Mama hakuviinua vyake. Alikuwa na mwiko mkononi na hakuuweka chini.

"Huyu si yule wa karatasi?" aliuliza, kana kwamba hajui.

"Ndiye huyo, Saroeun," alisema Bibi Thoeun. "Amenimalizia viti. Msikilize, nipate kufanya biashara."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasali. Kwa sababu niliona usoni mwa Visal kwamba amejua, na mbele yake kulikuwa na wanawake sita wenye ndimi. Neno moja tu la huruma, kwamba asamehewe kwa kuwa hakufahamu, na Mama asingeinua uso wake Battambang mpaka azikwe. Nilimtazama Visal kwa macho yote niliyonayo. Usiseme. Akanitazama mara moja, sekunde hivi, na utulivu uliokuwa kwenye macho yale ulinifanya niuachie mchi.

"Shangazi," akasema, "nimekuja kuomba radhi. Uliniambia siku ile ile ya kwanza na sikusikia. Nilikosea siku."

Mama alikoroga sufuria.

"Nilivisha michuzi rangi za mdomoni. Mchuzi hauulizwi mdomoni, unaulizwa umezaliwa lini. Bibi yangu mzaa mama angenichapa."

"Angekuchapa kwa haki," alisema Mama. Lakini aliweka mwiko chini.

Visal akafungua sanduku kwenye kitanda cha mianzi, akatoa chupa tano, akaziacha ovyo, hakuzipanga. Kisha akarudi nyuma, akakaa chini kwenye udongo, mikono magotini. Hakueleza kitu. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kueleza, nilishamwona akieleza lebo ya maji kwa nusu saa. Safari hii alifunga mdomo.

Wanawake wakasogea. Chupa zilikuwa wazi, kioo kitupu, mchuzi unaonekana wote mpaka mbegu za pilipili. Karatasi ilikuwa ukanda mdogo tu tumboni, wenye miraba ya krama, kila chupa na rangi yake moja. Na juu, kwenye kifuniko, kitambaa cha kweli, cha rangi ile ile, kimefungwa fundo. Maandishi yalikuwepo, ya watu wa duka, madogo, upande wa nyuma.

Mama alinawa mikono. Aliifuta kwa krama, kidole kimoja kimoja, polepole. Akaja.

Hakuuliza chochote. Akanyoosha mkono, akaichukua ile nyekundu akaiweka kushoto kabisa. Pilipili, Jumapili. Akaichukua ya rangi ya chungwa akaitazama, mchaichai ndani, manjano inang'aa, akaiweka ya pili. Jumatatu. Ya urujuani, ukwaju. Jumanne. Mkono wake haukusita. Nilikuwa nimewahi kumwona Mama akihesabu, akipima, akionja, akinusa mvua kabla haijafika. Sikuwa nimewahi kumwona akisoma. Alikuwa anasoma. Mbele ya wanawake sita, kwa mkono uliotulia, kutoka kushoto kwenda kulia, Mama yangu alikuwa anasoma, na hakuna hata mmoja aliyejua anachokiona isipokuwa mimi na mwanamume aliyeketi kwenye udongo.

Moshi wa jiko uliniingia machoni. Ndivyo nilivyomwambia jirani.

Kwenye chupa ya nne Mama akasimama. Akaiinua juu, akaigeuza kwenye mwanga, akakunja uso.

"Hii ni nini?"

"Pilipili manga, Shangazi. Alhamisi."

"Hii si Alhamisi." Akamsogezea puani kama anayemnusisha samaki. "Angalia. Ina umanjano ndani. Hiki ni kijani cha jani la mgomba linalochipua. Hii ni Jumatano. Mimi Jumatano sipiki."

Visal akasimama, akaichukua chupa, akaitazama karibu, akaitazama mbali, masikio yakamwiva.

"Ni Jumatano," akakubali.

"Si nimesema?"

"Mashine ya uchapaji iliongeza manjano. Nililiona jana nikajiambia hakuna atakayegundua."

"Watu wa mjini," akasema Mama, akawageukia wanawake kama anayetafuta mashahidi. "Wanadhani kijani ni kimoja." Akaingia kwenye kikapu chake cha vitambaa pale chini ya ngazi, akapekua, akatoa kipande cha saruni yake ya Alhamisi, ya kijani cha jani lililokomaa, akamtupia kifuani. "Mpelekee huyo mtu wa mashine. Mwambie hivi. Si karibu na hivi. Hivi."

Visal alikikunja kile kipande mara mbili akakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, kama mtu aliyepewa cheti.

Ya tano ilikuwa buluu. Prahok, Ijumaa. Mama alipokuwa anaiweka mwisho wa mstari, kidole chake kikapita juu ya ule ukanda wa karatasi, kikarudi. Pale katikati ya miraba kulikuwa na mchoro mdogo wa mstari mmoja tu, mwembamba: mkono unafunga fundo. Alikuwa hajauona kwa sababu alikuwa akisoma rangi. Sasa akainamisha kichwa. Kidole kidogo cha mkono ule kilikuwa kimepinda kwa nje, kama mpini wa kijiko.

Mama aliutazama mchoro. Kisha akauinua mkono wake wa kulia, akautazama. Kidole chake kidogo kilivunjika angali msichana, kwenye kinu, kikaunga vibaya. Akachukua chupa nyingine, akatazama. Na nyingine. Mkono uleule kwenye zote tano.

"Huyu ni mimi," alisema. Hakumwambia mtu.

"Ni jina lako, Shangazi," Visal akamjibu taratibu. "Yeyote atakayeiona, popote, hata akiwa mgeni wa lugha yetu, atajua imefungwa na nani."

Bibi Thoeun akajipenyeza, akachungulia, akasema kumbe siku zote zile Visal alipokaa kwenye kigoda chake akidhaniwa anamtazama Molika, alikuwa anamtazama mama mtu. Wakaangua kicheko, na mmoja akasema basi mpwa wa barafu bado ana nafasi kwa binti. Hata Mama midomo ilimcheza.

Kisha akaniambia, bila kunitazama, nimpatie mgeni maji ya kunawa, maana amekaa kwenye udongo.

Mtungi wetu mkubwa uko nyuma ya ngazi. Nilichota kwa kata, nikamimina, naye akakinga mikono. Tulikuwa hatujawa karibu hivyo kwa siku kumi. Niliona alikuwa amekonda kidogo kwenye mashavu na kwamba kidole chake cha kati kilikuwa na doa la wino wa kijani cha Jumatano. Nilitaka kukishika kidole kile. Nikaendelea kumimina.

"Nani amekwambia?" nikamnong'oneza.

"Kuhusu nini?"

"Visal."

"Hakuna aliyeniambia kitu. Nilikaa tu. Kila siku mama yako alikuja na saruni ya rangi nyingine, na kila siku mteja akiomba mchuzi, mkono wake ulienda kwenye kitambaa kabla mteja hajamaliza kutamka. Siku ya tano nikaona upindo wa saruni yake umekatwa, na kipande kiko kwenye kifuniko." Akasugua doa lake la wino, halikutoka. "Nimefanya kazi hii miaka minane, Molika. Sijawahi kuona vifungashio vilivyofikiriwa vizuri hivyo. Nikavifunika kwa karatasi. Nikamwandikia na dhahabu juu."

"Hilo tu ndilo ulilojua? Rangi?"

Akaniangalia. Maji yalikuwa yanamwagika pembeni ya mikono yake na hakuna kati yetu aliyeyashughulikia.

"Nimejua rangi," akasema. "Sijui kingine chochote, na sitakijua. Hata tukizeeka."

Nikaelewa kwamba mtu huyu amemnunulia mama yangu heshima yake na hatanidai kamwe.

"Umelowa shati, bong," nikasema.

Alifumba macho kidogo aliposikia neno lile, kama mtu aliyewekewa kitambaa cha baridi kwenye paji la uso. Siku kumi alikuwa hajalisikia.

Tuliporudi, Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mianzi na mkasi. Prahok ya siku ile ilikuwa imeiva, chupa za kwanza zimejazwa, na alikuwa anakata vipande kwenye upindo wa ile saruni kuukuu ya buluu, anafunika, anafunga. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye vinu lakini walikuwa wanatwanga polepole mno, mtwango wa watu wanaosikiliza.

"Njoo hapa, wa karatasi," alisema.

Visal akapiga magoti mbele yake. Mama akakata ukanda mmoja mwembamba, akaushika mkono wa kulia wa Visal, akaugeuza, akampangusa maji kwa krama yake mwenyewe. Halafu akauzungusha ule ukanda kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, na vidole vile, na kile kilichopinda, vikafunga fundo lile lile la kwenye chupa. Akakaza.

Kwetu mkononi tunafungwa uzi siku ya harusi, na kila aliyekuwepo aliliwaza hilo. Vinu vilinyamaza kabisa.

"Mama," nikasema, "hicho cha nini?"

"Kila kinachoingia nyumbani kwangu nakifunga kitambaa cha siku yake," alisema. "Nisije nikakichanganya na kingine."

"Cha Ijumaa," Bibi Thoeun akasema kutoka kwenye kinu. "Siku ya prahok. Utanuka samaki maisha yako yote, mwanangu. Mpwa wangu angepata hata cha ukwaju."

"Mwambie mpwa wako atengeneze barafu nyingine," Mama akamjibu, na nyumba nzima ikacheka mpaka kuku wakakimbia.

Visal hakucheka. Alikuwa ameuinamia mkono wake, anautazama ule ukanda uliofifia kwa kufuliwa. Mama alimwacha kidogo. Kisha akamgonga begani kwa mpini wa mkasi.

"Wazee wako wanakunywa chai au kahawa?"

"Chai, Shangazi."

"Wasingoje Mwaka Mpya. Waambie waje Jumatatu." Akachukua chupa nyingine, akaanza kuikatia kitambaa. "Nitawapikia amok. Na chupa nitaichagua mwenyewe."